Pumzi Ndani ya Chupa ya Achari

Harufu ya achari ya embe hunitoa machozi, na wala si kwa sababu ya pilipili. Kila nikipita Majengo, penye duka la viungo, nasimama mlangoni navuta hewa mpaka mwenye duka ananiuliza kama nimekuja kununua au kunusa. Nitamwambia nini? Acha nikuambie wewe.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi kule Haneti, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Mwaka ule mvua ilitugomea. Uwele ulikaukia shambani, mbuzi wakabaki mifupa, maji tukawa tunayafuata mbali kwa ndoo. Ndipo baba akarudi kutoka mjini, alikokwenda kutibiwa, amebeba chupa kubwa ya kioo iliyokwisha achari. Tuliisugua kwa majivu, ikanuka achari vilevile.

"Njoo tutengeneze dunia," akaniambia.

Tuliweka kokoto, juu yake vipande vya mkaa, kisha udongo na vimea tulivyovichomoa chini ya bomba bovu la shule. Akanyunyiza maji kidogo tu. Akanieleza kwamba joto litayapandisha maji yale yawe mvuke, mvuke utageuka matone kwenye kioo, na matone yatarudi kwenye mizizi. Maji ni yaleyale, yanazunguka tu, kama yanavyozunguka duniani. Mwisho akainama, akapuliza ndani pumzi moja ndefu, maana majani hula hewa tunayoitoa. Pumzi ile ilimletea kikohozi kikali. Tukafunga kifuniko huku anacheka na kukohoa.

"Usifungue, mama. Humo kila kitu kipo."

Basi, nje jua liliwaka na ndani ya chupa mvua ikanyesha. Wenzangu walikuja kushangaa, nami nikaringa wee! Baba akarudishwa hospitali. Safari hii hakurudi kwa miguu yake, aliletwa.

Baada ya matanga watu walitawanyika, nikabaki na chupa. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa nyepesi: pumzi aliyoipuliza imo humo, kifuniko kimefungwa, kwa hiyo baba hajaisha. Nikawa nalala nimeikumbatia.

Siku moja nikatoka shule nikamkuta bibi, mama yake baba, amekaa mkekani, kifuniko kiko mapajani. Kwetu mtu akiingia nyumbani huulizi kama ana kiu, unampa maji kwanza. Bibi aliona aibu kukaa na viumbe alivyoviacha mwanawe bila kuvipa hata kikombe, akavimiminia maji yake mwenyewe ya kunywa.

"Vilikuwa vinatoka jasho, mke mwenzangu," akaniambia, kwa utani wake wa siku zote.

Nililia kuliko siku ya msiba. Nikapiga kelele kwamba ameitoa pumzi ya baba, ilikuwa humo, sasa imekwenda!  Bibi akaishika chupa kwa mikono miwili, akaingiza pua kwenye mdomo wa chupa, akafumba macho, akavuta hewa. Akavuta tena.

"Inanuka achari," akasema.

Nilimkasirikia mno. Niliona ameimaliza yote, hakuniachia hata kidogo. Vile vimea vilioza kwa maji mengi, naye akavizika nyuma ya nyumba, mwenyewe, bila kuniita.

Ukubwani nilijifunza kwamba pumzi ile haikuwa imekaa ikitungoja. Majani yalikuwa yameshaila zamani, yakakua nayo. Na dunia hii nayo imefungwa kama ile chupa: pumzi za waliokufa hazina pa kwenda, ni hizohizo tunazovuta mimi na wewe. Ni kweli, na nimewahi kuwaeleza wanangu. Lakini hainitulizi nikimkumbuka bibi na uso wake ndani ya kile kioo, anatafuta.

Siku ile nilidhani aliyefiwa ni mimi peke yangu. Yule alikuwa mama yake.