Msaidizi Anayekuta Kazi Imeshafanywa

Hakuna anayezijua nyumba za wazee wa bonde letu hapa mkoani Akita kuliko mimi. Nimeingia karibu zote. Haya, mbili, na moja ni yangu, ambamo mpaka sasa sijakunja godoro.

Ya pili ni ya jirani yangu, Bibi Sugawara Tome, miaka themanini na saba, ambamo leo nimekuja kunywa chai. Saa tatu asubuhi, theluji imefika kiunoni, Kumagai Setsuko anaegesha kigari chake, anavua viatu mlangoni, anafunga aproni na kutafuta vumbi. Halipo.

"Bibi, umesugua tena?"

"Nani, mimi? Na mgongo huu?"

Nyuma ya pazia, ndoo inafuka mvuke.

Setsuko, 58, husaidia wazee majumbani mwao. Analipwa yeni 1,400 kwa saa. Kuendesha kwenye theluji toka nyumba hadi nyumba hakulipwi. "Hilo nimelizoea," anasema. "Linalonishinda ni kuja kufanya usafi nikamkuta mwenye nyumba hoi kwa usafi."

Kila Jumanne Bibi Tome huamka alfajiri, akapiga magoti na kusugua sakafu. "Msaidizi ni mgeni," anajitetea. "Aone uchafu wangu akausimulie kijiji kizima?"

"Mimi sisimulii, Bibi."

Ni kweli, hasimulii. Kazi hiyo ninayo mimi.

Leo lakini si Jumanne ya kawaida. Anakuja Bwana Ogasawara, mkaguzi wa ofisi ya mji, kupima Bibi anahitaji msaada kiasi gani. Tangu ateleze mwanzoni mwa Novemba, mguu wake wa kushoto haupandi ukingo wa hodhi la kuogea. Anajipangusa kwa kitambaa tu. Setsuko amemwombea mtu wa kumwogesha mara mbili kwa wiki. Bibi akijifanya mzima, atakosa, na huenda hata Jumanne ikafutwa.

"Natamani kitu kimoja," Setsuko ananinong'oneza. "Kabla theluji haijayeyuka, nimwone amekaa kwenye maji ya moto, anaimba." Kisha anamgeukia. "Bibi, leo usijikaze. Sema kweli."

"Kweli tupu, mwanangu."

Mkaguzi anapoingia, Bibi Tome amevaa kimono alichovaa kwenye harusi ya binti yake, na mdomo ameupaka rangi.

"Unajipikia mwenyewe?"

"Kama mpishi wa hoteli."

"Kutembea je?"

"Majirani wananisihi nipunguze mwendo."

Setsuko anatazama dari. Mkaguzi anaandika.

"Na kuoga?"

"Kila jioni! Maji mpaka shingoni. Peke yangu!"

Anaandika hilo pia. "Basi nilione bafu."

"Huko kuna baridi, baba. Kunywa chai kwanza."

Lakini mkaguzi ameshausukuma mlango. Hodhi limejaa figili nyeupe mpaka ukingoni, akiba ya majira ya baridi, kila moja imeviringishwa kwa gazeti. Bwana Ogasawara anainama, anasoma.

"Bibi, gazeti hili ni la tarehe kumi na mbili Novemba. Leo tuko mwisho wa Januari."

Bibi Tome ananyoosha kola ya kimono.

"Jana nilizitoa, nikaoga, nikazirudisha."

"Zote?"

"Moja moja."

Mkaguzi anageuza penseli upande wa kifutio, anaanza kufuta.