Mama Aliyesoma Bila Kukwama

Juzi posta ya Bukoba nilisimama nyuma ya mama mmoja wa kijiji cha Izimbya. Alipopewa barua, karani alimuuliza kwa Kihaya kama asomewe.

"Najua kusoma," akajibu, akiweka kanga yake sawa. "Nilifundishwa kwenye darasa la ubatizo."

Kweli alifundishwa, lakini kwa Kihaya tu. Barua ilikuwa ya Kiswahili, imetoka kwa watu wanaofanya kazi na mwanawe Kampala. Kwa kuwa herufi ni zile zile, mama alisoma kwa sauti ya kanisani, kidole kikifuata mstari: "Tunasikitika kukuarifu kwamba mwanao," hapo akataja jina la mwanawe, akatabasamu, "amefariki dunia kwa homa."

Mzee mmoja kwenye foleni akavua kofia.

"Nimesoma vizuri?" mama akatuuliza kwa Kihaya.

"Vizuri sana, mama," karani akasema, macho yake mezani.

"Jina la mwanangu nimeliona. Anasemaje?"

Wakaguzi wa elimu hupenda kutuhesabia wanaojua kusoma, na bila shaka mama huyu yumo. Sisi wenye Kiswahili cha shule tulijaa pale, Wahaya watupu, na hakuna aliyepata neno la Kihaya la kumjibu.