Nilimwita Mzee Ubaoni Mbele ya Mke wa Mwanawe

Nimekosa! Nakwambia mapema usije ukanionea huruma njiani. Nilichofanya nilikipanga siku tisa nzima, nikakifanya nikiwa na akili zangu timamu, na nilipotoka pale nilikuwa naimba.

Jina langu sitalitaja. Huku kwetu Nyamira mtu akishajua jina lako na soko lenu, amekujua hadi nyanya yako.

Nikiwa kidato cha pili nilipata mimba. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliitisha mkutano uwanjani, akanisimamisha mbele ya watu wote, akanishika bega na kunigeuza huku na huku ili tumbo lionekane.

"Angalieni vizuri," akasema. "Hii ndiyo inaozesha wengine."

Mama yangu alikuwa ameketi pale kwenye nyasi. Hakuinua kichwa mpaka tukafika nyumbani. Miaka imepita, mama amezeeka, lakini mimi bado nauona ule utosi wake. Nilimchukia mwanamume yule kwa moyo wangu wote!

Nikafukuzwa shule, nikalea mtoto, nikachuma chai ya watu, nikarudi kusoma nikiwa mama mzima, nikamaliza sekondari. Kisha nikajiunga na chuo nisomee ualimu wa ngumbaru, yaani kufundisha watu wazima ambao shule iliwapita. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba mtu mzima ukimwaibisha mbele ya wenzake, harudi tena. Niliandika maneno hayo daftarini nikayapigia mistari miwili.

Nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika ukumbi wa kanisa, si mbali na Magwagwa. Siku ya kwanza wanafunzi wote walisimama nilipoingia. Kwenye benchi la mbele, penseli mkononi, alikuwa Mwenyekiti!

Alivua kofia. "Karibu mwalimu," akasema.

Hakunikumbuka hata kidogo. Kumbe aliyenifukuza darasani hakujua hata herufi! Alipewa uenyekiti kwa sababu ya shamba lake la chai na sauti yake kubwa. Nilimwandikia "a" kwenye daftari lake huku nikitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la heri.

Sasa elewa hili. Katika darasa hilo kulikuwa na Kwamboka, mke wa mwanawe. Kwetu Gusii baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kali sana, tunaiita chinsoni. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, na hawagusani hata mkono. Mama mpole aliyekuwa mwalimu wa kituo alikuwa amewatenganisha, mzee akija Jumanne na Kwamboka Alhamisi. Kwamboka ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa mwaka.

Siku tisa kabla ya mkaguzi wa chuo kuja kunipima, mwalimu wa kituo alikwenda Nyakoe kwenye matanga ya dada yake. Nikaona mlango umefunguka. Niliwapigia wanafunzi wote simu nikawaambia kwamba Jumatano tunakutana pamoja, kuna mgeni, asikose mtu.

Walikuja. Mzee alipomwona Kwamboka alihamia kona ya mbali akageukia ukuta. Kwamboka naye akainama. Darasa zima lilijua, isipokuwa mkaguzi, mama mmoja kutoka upande wa ziwa, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba wale ni wakwe.

Nikamwita mzee ubaoni aandike jina lake. Alibonyeza chaki, ikakatika. Hapo ndipo nikasema yale maneno.

"Kwamboka, njoo umshike mkono umwongoze."

Kwamboka alinisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, huyo ni baba."

Nilimsikia vizuri sana! Nikajifanya sikusikia. Nikasema tena, kwa sauti, "Mshike mkono, mgeni anangoja."

Kwamboka alinyoosha mkono, kwa kuwa mwalimu amesema na mgeni anaandika. Vidole vyake vilipogusa vile vya mzee, mzee aliruka kando. "Nyasae one!" akalia, yaani Mungu wangu! Alitoka mbio akaacha kofia, miwani na daftari. Kwamboka alibaki pale ubaoni akilia kimya.

Na mimi? Nilishiba! Nilisema moyoni, mzee, leo umejua jinsi ya kusimama mbele za watu.

Mkaguzi alidhani mzee amezidiwa na woga. "Vizuri, mwalimu," akaniambia. "Nimependa vile wanasaidiana." Akanipa alama za juu.

Wanafunzi walikuwa kumi na tisa. Baada ya wiki mbili walibaki wanne, na Kwamboka hakuwa mmoja wao.

Bado sikuwa nimetosheka. Nilitaka mzee ajue ni nani aliyempiga, kwa hiyo nilimfuata kwake nikamwambia jina la baba yangu, shule, mwaka, kila kitu. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Tulitoa wasichana wengi shule," akasema. "Wewe sikumbuki."

Ole wangu! Chuki ya miaka yote hiyo, na mwenyewe hata hanijui!

Nilipotoka nilimkuta Kwamboka akichuma chai karibu na njia. Nikaanza kuomba radhi. Hakusimamisha mikono.

"Mwalimu, unajua niliolewaje hapa? Nilikuwa darasa la nane. Kijana yake ndiye alinipatia mimba. Huyu mzee akakuja kwetu akaambia baba mambo ya shule imeisha, niolewe tu. Nilikuwa nangojea huo mtihani. Nilitaka matokeo ikikuja niisomee watu wote kwa hii boma, yeye akiwa ameketi hapo."

Akatupa konzi ya majani kikapuni.

"Sasa bwanangu amesema nisikanyage huko tena, nimeletea baba aibu. Mara ya kwanza nilitolewa shule na huyu mzee. Mara ya pili ni wewe."

Akainama akaendelea kuchuma. Nimempelekea vitabu mara mbili, na mara zote mbili vimerudishwa.

Mzee yule bado namchukia, sitakudanganya. Cheti ninacho, na kila nikikitazama naona aibu. Wewe unayesomea kazi hii, sikia! Ukimkuta adui yako kwenye benchi lako, omba uhamishwe, au mwache mwenzako amfundishe. Ukishindwa kabisa, toka wewe. Usimtoe mtu.