Mama Ambakisye bado anapungia ndege

Leo mama yake Ambakisye ameniacha jikoni peke yangu, katoka mbio kwenda kupungia ndege.

Ambakisye ni yule rafiki yetu rubani wa ndege za kivita. Marehemu sasa. Nilipanda hadi kijijini kwao Lufingo, karibu na mji wa Tukuyu, kumsalimia mama, tukawa tunamenya ndizi za mchana.

Mara mlio huo juu.

Mama akaweka kisu chini, akatoka hadi uani, akavua kanga begani, akaanza kupunga. Mawingu yalikuwa yamefunika kabisa, ndege yenyewe hata haionekani.

Ni kawaida yake tangu Amba aanze kurusha ndege. Na Amba kila akija likizo alimwambia, "Mama, nilikuona." Mimi aliniambia pembeni kwamba kwa mwendo ule Tukuyu nzima inapita hujaiona, sembuse kanga.

Lakini Amba tumeshamzika. Kaburi liko pale pale, nyuma ya migomba.

Nikaona uzee umeanza kumchanganya. Nikamshika mkono taratibu.

"Mama, Ambakisye hayupo tena."

Akanitazama kwa upole.

"Najua, mwanangu. Si nilimzika mimi? Lakini huyo aliyeko juu naye ana mama. Na mama yake yuko mbali, hawezi kumpungia."

Akaendelea mpaka mlio ukaisha.

Nyie, nilivua sweta na baridi ile, nikapunga naye.

Wenzangu mliosoma na Amba, popote mlipo, ndege ikipita juu yenu, mpungieni aliyemo.