Njiwa Mwenye Kucha wa Koko

Enzi zetu sisi, mtoto wa Goma hakupigwa picha hivihivi. Ulingoja kipaimara. Siku hiyo uliogeshwa kwa sabuni ya kunukia, ukavalishwa nguo nyeupe, ukaonywa usikanyage vumbi jeusi, kana kwamba mji huu una vumbi la rangi nyingine, kisha ukapelekwa studio. Picha ilikuwa moja tu. Ukifumba macho, umeyafumba milele. Watoto wangu leo wanajipiga picha wakila sambaza, dagaa wa ziwa letu, halafu wanafuta nusu yake kwa sababu pua haikukaa vizuri.

Katika avenue yetu, picha ya kipaimara haikukamilika bila ndege wa Koko. Koko ni nyanya yangu, Mnande aliyeteremka kutoka Butembo akiwa bibi arusi na hadi leo hajaacha kulalamika kwamba viazi vya huku havina ladha. Mume wake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la pareto kule Kibumba. Mzungu alipoondoka alimwachia koti zito la sufu, na chini ya kola Koko akakuta beji ya chuma: ndege aliyetanua mabawa. Koko, ambaye hata mvua haikumzuia kwenda misa, alimtambua mara moja. Alikuwa Roho Mtakatifu.

Sisi watoto tulikuwa na mashaka. Njiwa huyu alikuwa na mdomo uliopinda na kucha za kunyakulia vifaranga.

"Kule Ulaya baridi iko mingi," Koko alitujibu. "Njiwa za kule ziko na nguvu."

Basi kila mtoto wa avenue alimvaa kifuani siku yake, hata wa majirani zetu wa Masisi wasio Wanande, mradi awe na adabu. "Mutoto mwenye kutukana hatavaa hii ndeke," alisema Koko, na sisi tuliotukanana kwa ufundi tukienda kuchota maji ziwani tukawa wapole kama wagonjwa.

Zamu yangu niliingoja tangu nilipoanza kupata akili. Jumamosi, kesho yake ndiyo kipaimara, Koko akawa anamsugua ndege kwa majivu na ndimu, na sindano ya mgongoni ikakatika. Nililia hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa. Mama akasema tumshone kwa uzi, lakini Koko akakataa.

"Roho Mutakatifu hatumufunge na kamba kama mbuzi."

Akanishika mkono hadi kwa fundi wa chukudu, mtu aliyezoea kuunda mikokoteni ya mbao ya kubebea makaa, si kutengeneza vitu vya kanisa. Fundi akamgeuzageuza ndege, akakata waya wa gurudumu la baiskeli, akaunoa kwenye jiwe la volkeno, akaupitisha kwenye vipete vya mgongoni.

"Hii haitavunjika tena, mama," akasema. "Hata mukimufunga kwa chukudu ya makala."

Haukuvunjika kweli, lakini ulinichoma misa nzima. Askofu alipofika kwangu alimtazama ndege, akamtazama Koko aliyenishika bega, akafikiri kidogo, kisha akanipaka mafuta na kusonga mbele. Kwenye picha nimesimama wima sana. Wageni husema nilikuwa na maringo tangu utotoni, lakini ni ule waya.

Juzi mwanangu Kambale aliipiga picha beji hiyo na kuiuliza simu yake. Simu ikajibu kwamba ni beji adimu ya askari wa Kijerumani waliojitolea: vita vyao vikubwa vya kwanza viliisha, wakaambiwa warudi nyumbani, wao wakaunda vikundi na kuendelea kupigana. Tena hii yetu imeharibika, sindano si yake. Kambale akaamua kwamba dada yake Kavira hawezi kwenda nayo kanisani Jumapili, siku ya kipaimara chake. Kavira akalia kilio changu kilekile.

Tukampelekea Koko, ambaye sasa huongeleshwa kwa sauti ya juu. Alisikiliza hadi mwisho, akimpangusa ndege kwa kitenge.

"Maaskari wenye kukatala kurudi kwabo," akasema. "Bale tunabajua."

Akaelekeza kidevu milimani, wanakokaa wenye bunduki, kisha akamwinua ndege.

"Lakini huyu alishageuka. Tangu anafika kwangu hajaumiza mutu, na amepata kipaimara mingi kupita ninyi wote. Mumuvalishe mutoto."

Jumapili Kavira alimvaa. Alipigwa picha na kila mwenye simu, akicheka, akitoa ulimi, nyingine wamemwongezea masikio ya sungura. Niliziangalia zote jioni, na nikawakumbuka wenzangu tuliomvaa ndege yule. Wengine hata sijui vita viliwatupa wapi, na natamani kweli kuwaona. Karibu nizime simu ndipo nikaiona moja ambayo hakuna aliyeijali: Kavira amesimama wima, amekaza midomo, mkono kifuani. Waya umemchoma.

Hiyo nimeipeleka studio ichapwe.