Chumba cha Seva Kilikuwa na Ufunguo Mmoja

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hiyo ya tatu sikuimaliza. Lakini katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa na duka la pembejeo Kitale, la pili Bungoma, na wakala Moi's Bridge. Nilikuwa pia na seva. Watu waliosoma hadi chuo kikuu walikuwa hawana seva. Nasema hivyo mapema ili usinionee huruma mbele ya safari.

Aliyeniwekea alikuwa fundi mwanamke, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Alikuja na karatasi, akachora boksi moja kubwa na mistari inayotoka kwake. Boksi ni seva, itakaa Kitale. Mistari ni skrini za maduka, zitapitia mlingoti wa mawasiliano tuliousimamisha juu ya paa la kila duka. Bungoma wakiandika oda, inaandikwa Kitale. Wakitaka kujua mbegu zimebaki ngapi, wanauliza Kitale. Nikamwambia hiyo nimeielewa, ndivyo nilivyokuwa naendesha boma langu.

Kisha akachora maboksi mawili madogo ndani ya lile kubwa. Alisema chuma ni kimoja, lakini programu ile ile itaendeshwa humo mara mbili. Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni ya mazoezi, watu wajifunze humo, wakikosea wasiharibu kitu. Kila moja aliiita instansi. Mimi nikaiona kama ghala moja lenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta: gunia lililo chumba hiki halihesabiwi kule.

Tulikosana kwa jambo moja. Alitaka chumba cha mazoezi akijaze wakulima wa kubuni, majina ya kuchekesha, ili mtu akifungua ajue mara moja yuko wapi. Nikakataa. Nilimwambia sijawahi kuandika mtu wa uongo katika biashara yangu na sitaanza kwa sababu ya mashini. Basi akanakili wakulima wangu wote wa kweli, akawatia humo, akaweka amri kwamba kila Jumamosi saa saba mchana chumba cha mazoezi kifutwe chote, kinakiliwe upya kutoka kile cha kazi. Alama pekee iliyobaki ilikuwa herufi M ndogo kwenye pembe ya chini ya skrini. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuitazama.

Seva niliiwekea chumba chake nyuma ya duka, na mlango wa chuma nilioununua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anauza shamba lake. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikaa mfukoni mwangu. Fundi aliomba awe anaiendesha akiwa nyumbani kwake, nikakataa. Aliomba mashini ya kuchapa ya Bungoma, nikakataa pia. Karatasi za biashara yangu zitatoka mahali ninapoziona. Mke wangu aliniambia, "Umejenga jela, na mfungwa ni wewe." Kweli sikuwa natulia. Nilikuwa naamka kwenye kiti kila baada ya chai kwenda kutazama zile taa za kijani kama zinawaka.

Bungoma nilikuwa nimemweka mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sitaficha, nilifurahia kumwagiza mwalimu. Alikuwa mtu wa polepole, anatoa miwani, anaipangusa, ndipo anakujibu.

Mwezi wa tatu ule mawingu yalianza kujikusanya juu ya Elgon mapema. Wakulima wa Bokoli, wateja wa duka la Bungoma, walitaka mbegu moja tu, ile ya kukomaa upesi, na sisi ndio tuliokuwa nayo. Mtu akikosa kupanda na mvua ya kwanza, atakula mahindi ya jirani. Wiki hiyo, Jumapili, radi ilipiga mlingoti wa Bungoma. Jumatatu laini iliporudi, mwalimu alibonyeza picha aliyoizoea kwenye skrini, ikakwama. Akabonyeza ya pili iliyo kando yake, ikafunguka mara moja. Ilifunguka haraka kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa humo, lakini yeye angejuaje? Aliona wakulima wake wote wapo, majina ni yale yale. Akaandika oda za Bokoli humo kuanzia Jumatatu, wiki nzima.

Mimi Kitale, Alhamisi, natazama skrini yangu: Bungoma hakuna oda hata moja, na mbegu zimejaa. Moi's Bridge wanalia hawana hata mfuko. Ijumaa nikatuma lori likazichukue Bungoma, lizipeleke kwao. Mwalimu akanipigia simu.

"Mzee, hizi mbegu zina wenyewe."

"Mashini haisemi hivyo, mwalimu."

"Mimi ndiye nasema."

"Mlingoti niliununua unipe hesabu, wewe sikukununua," nikamwambia, nikakata simu. Hayo maneno bado nayasikia.

Jumamosi sikuweza kukaa. Nilifika Bungoma saa tano kasoro, nikakuta mlangoni watu wa Bokoli, wengine na baiskeli, wengine na punda, na mama mmoja mnene ameketi juu ya magunia matupu aliyokuja nayo. Nikampita mwalimu bila salamu, nikamwambia mbele yao kwamba amelala kazini. Alipangusa miwani, akageuza skrini ikanitazama.

"Hawa ni akina nani, mzee?"

Walikuwemo wote. Jina, kijiji, idadi ya mifuko. Zaidi ya watu mia. Nilimpigia fundi, ambaye alikuwa kwenye harusi Kiminini, nikamwambia mashini yake ni mwongo. Akaniuliza kama pembeni chini kuna M. Nikainama. Ilikuwepo. Nikasikia kwaya ya upande wa pili ikififia, alikuwa anatoka nje.

Akasema oda zote ziko chumba cha mazoezi, na saa saba zitafutwa. Amri hiyo iko ndani ya seva, na kuizuia ni lazima mtu akae mbele yake. Yeye anaweza kufika Kitale kwa nusu saa. "Lakini ufunguo uko wapi, mzee?"

Nilitia mkono mfukoni. Ulikuwa hapo, umepata joto la mwili wangu.

Mlango ule kama ungevunjika nisingeununua. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikahesabu barabara yote kichwani, Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, malori ya miwa, matuta. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda kwenye gari. Mwalimu akasimama mlangoni. Sijawahi kumwona akisimama upesi hivyo.

"Mzee, ukikimbia na huo ufunguo, pancha moja tu na hawa watu hawapo tena. Kaa chini uandike."

"Niandike mimi?"

"Una mkono au huna?"

Watu wakacheka. Mama wa magunia akasogea, akaniachia nafasi. "Keti, baba. Hata sisi tumeketi."

Mwalimu akapasua katoni za dawa ya mifugo, akagawa vipande, akatafuta kalamu mpaka kwa kinyozi wa jirani. Akatupanga kama darasa, mimi na mama yule kwenye meza moja, kila mmoja na kipande chake. Yeye akawa anasoma kwenye skrini kwa sauti ya shuleni, jina, kijiji, mifuko, na kila mtu anaandika zamu yake ikifika. Wasichana wawili waliomaliza sekondari, kalamu zao zilikimbia kama cherehani. Mimi herufi zangu ni kubwa na zinapanda mlima. Kila nikimaliza jina moja nilitazama saa ya ukutani, na mwalimu ananiambia, bila kugeuka, "Macho kwenye kazi." Miguu yangu chini ya meza ilikuwa inakimbia peke yake. Goti liligonga meza mpaka mama yule akaliwekea kiganja chake, hivyo tu, kama anatuliza ndama.

Mwalimu alisoma jina la mwisho saa saba kasoro dakika nne. Hatukuondoka. Tulitazama. Saa saba skrini ikawa nyeupe, ikarudi, na kwenye orodha ya oda watu wa Bokoli hawakuwemo. Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Ati tumekufa."

Kutoka hapo nilikwenda Moi's Bridge moja kwa moja. Wakala alikuwa ameshusha lori lakini hajauza sana. Alininunia, nikamnunia, tukapakia. Kilichopungua nilikitoa kwenye stoo yangu ya Kitale, mbegu niliyokuwa nimejiwekea ya shamba langu mwenyewe. Msimu ule mimi nilipanda nikiwa nimechelewa, na mahindi yangu yalionekana hivyo kutoka barabarani.

Jumatatu tuligawa Bungoma kwa vile vipande vya katoni. Vyote vilisomeka ila kimoja. Mwalimu alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akauliza darasa, "Huyu mwanafunzi ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilikuwa nimeandika majina kumi na mawili. Ilibidi nisimame nisome mwenyewe, polepole, na jina la saba lilinishinda mpaka mwenyewe akajitokeza akasema ni lake. Alikuwa yule mama wa magunia. Nilimbebea mfuko wa kwanza mpaka kwenye punda.

Mvua ilinyesha Jumatano. Fundi alijaza chumba cha mazoezi majina ya ng'ombe wangu, kwa ruhusa yangu, maana ng'ombe si uongo, wapo. Tulichonga funguo mbili zaidi. Mmoja nilimpa mke wangu. Wa pili nilimpelekea mwalimu Bungoma mimi mwenyewe, na kwa sababu sikujua neno la kusema niliuweka juu ya meza. Aliutazama, akatoa miwani, akaipangusa.

"Na huku Bungoma utafungua nini, mzee?"

"Hakuna," nikamwambia. "Uwe nao tu."

Akautia mfukoni. Mimi mpaka leo, nikikaa mahali zaidi ya dakika kumi, mkono unaenda mfukoni kuutafuta wangu.