Divai ya Padri Uwanjani kwa Babu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja toka Mwanza na chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa, akaifungua kama soda. Nilipoinusa tu, nikarudi Sapiwi, kijijini kwetu, uwanjani kwa babu, miaka ile ya ruksa ya biashara, mimi bado sijaolewa.

Wewe uliyekulia kwenye mashamba ya pamba utanielewa. Padri wetu alikuwa Mfaransa, mzee, miguu mirefu. Kila Jumapili jioni alikuja kunywa pombe ya mtama. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina ubaya. Babu alionja, akafuta mdomo, akampa. Miaka yote Padri alikunywa hana cha kurudisha, maana divai ya misa haigawiwi hivi hivi. Babu alimtania, "Rafiki yangu, kwenu kunanyesha kweli, au hamvuni kitu?" Padri alicheka, lakini lilimwingia.

Alichokuwa nacho ni habari za kwao. Mimi na wajukuu wenzangu, Holo, Limbu na marehemu Nkwabi, tulimsikiliza tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Kijijini kwao kuna mteremko wa mawe, umezungushiwa ukuta waliojenga watawa wa zamani sana, na ndani yake ni mizabibu tu. Baba yake alilima humo, na babu yake. Mzabibu mmoja, alisema, huzaa hata baada ya aliyeupanda kufa. Sisi tulishangaa. Pamba kila mwaka unang'oa miti yote unachoma, bwana shamba asikukute nayo. Bibi akasema, "Basi huko mtu anarithi mmea kama ng'ombe."

Ruksa ilipokuja na vitu vya nje vikaanza kupita, kaka yake Padri akampa msafiri chupa moja ya shamba lile. Ilifika juu ya lori, juani. Padri aliileta kwetu imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Alituambia wazi anaogopa joto limeiharibu. Ikiwa imechacha hana nyingine, na kaka yake ameshazeeka.

Akajimiminia kidogo, akaonja. Babu akamgusa bibi: kumbe hata kwao huonja kwanza. Padri alifumba macho, akaizungusha mdomoni mpaka Limbu akaanza kucheka, bibi akamfinya.

"Imefika," Padri akasema, akampa babu kikombe.

Nasi tulilambishwa. Haikuwa tamu. Ilikausha ulimi kama ukwaju, halafu ikaja harufu ya zambarau mbivu na moshi wa mbali, ikakaa nami mpaka nikalala. Sijaonja tena kitu cha namna ile.

Babu alikunywa, akasimama, akamwaga kidogo chini. Tulimtazama Padri. Padri alikuwa anakataza jambo hilo kanisani.

"Hii ni ya wazee wako, waliopanda," babu akasema. "Hawajawahi kufika Sapiwi. Wataje."

Padri aliitazama ile ardhi iliyolowa. Akavua kofia, akawataja polepole: Antwani, Filiberi, Klodi.

Babu na Padri wote wamelala sasa. Uwanja ule umejengwa nyumba za mabati, na pombe ya mtama nani anaionja kwanza? Watu wanafungua, wanakunywa.

Divai ya mjukuu wangu ilikuwa nzuri, simsingizii. Nilibakiza kidogo, nikatoka nayo mlangoni, nikamwaga, nikawataja: babu, Padri, Nkwabi, halafu Antwani, Filiberi, Klodi.

Mjukuu akauliza hao wa mwisho ni nani.

"Wenye divai," nikamwambia.